Feni ya rejeta haizunguki? Kabla hujanunua mota, pima ikiwa na mzigo (uzi mrefu)

MchoraWaya (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Haipiti wiki humu bila mtu kuuliza: "Gari linachemsha kwenye foleni, feni haizunguki, nibadilishe nini?" Majibu tunayajua. Wa kwanza atasema sensa, wa pili relei, wa tatu mota, wa nne atasema unga dairekti ulale usingizi. Wote wanabahatisha. Siwacheki, maana na mimi nilibahatisha hivyo hivyo mpaka nikanunua vifaa viwili ambavyo gari halikuvihitaji. Kisa chenyewe kinakuja.

Kwanza hakikisha kweli ni feni. Gari likichemsha ukiwa umesimama au unatambaa, halafu ukishika kasi mshale unarudi mahali pake, mtuhumiwa wa kwanza ni feni, kwa sababu kwenye mwendo upepo wa mbele unapoza rejeta wenyewe. Likichemsha ukiwa kwenye kasi au unapanda mlima, na kwenye foleni limetulia, achana na feni. Angalia maji, rejeta iliyoziba, themostati, pampu. Na kama maji yamepungua, usishike kipimo cha umeme kabla hujajaza na kutoa hewa. Sensa ikikaa kwenye hewa badala ya maji haioni joto, haiiti feni, na mshale unaweza kukaa chini huku hedi inaungua. Utabadilisha sensa isiyo na kosa lolote.

Tahadhari ni mbili. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto, maji mle yana presha na yanaweza kuwa yamepita nyuzi 100. Na feni nyingi huwaka zenyewe hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako, kwa hiyo chomoa plagi yake kabla ya kuingiza mkono.

Sasa mfumo wenyewe. Feni ya umeme ina njia mbili na watu huzichanganya. Kuna njia ya nguvu: betri, fyuzi kubwa (mara nyingi ya ampea 30 au 40), relei, mota, kisha ethi (upande wa hasi, unaopitia bodi ya gari) kurudi betri. Na kuna njia ya amri: sensa ya joto, kompyuta ya injini, koili ya relei. Njia ya kwanza inabeba ampea kumi, kumi na tano, ishirini. Ya pili inabeba umeme kiduchu tu. Relei ni swichi inayokaa kati ya hizo mbili: koili yake ikipata huo umeme kiduchu, inaunganisha njia ya nguvu. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa, kabla hujataja jina la kifaa chochote: feni imekosa nguvu au imekosa amri?

Jibu unalipata kwa dakika tano. Chomoa relei ya feni. Kwenye soketi yake tafuta tundu la 30, ambalo lina umeme wa betri, na tundu la 87, linalokwenda kwenye mota. Yaunganishe kwa kipande cha waya mnene chenye fyuzi yake. Feni ikizunguka kwa nguvu, basi fyuzi, waya, mota na ethi vyote vimepona kwa mpigo mmoja. Kosa liko kwenye relei yenyewe au kwenye amri. Isipozunguka, au ikizunguka kivivu, sahau sensa kabisa. Sensa haihusiki na jambo hilo hata kidogo.

Relei nyingine, hasa za Kijapani, hazina namba hizo. Pima miguu ya relei yenyewe mkononi: miwili itakayokupa kama omu 50 hadi 120 ndiyo ya koili, miwili inayobaki ndiyo ya nguvu. Namba ikitoka tofauti kidogo usipate presha, koili hazifanani.

Kisa changu sasa. Feni iligoma. Nikanunua relei, wapi. Nikanunua sensa, wapi. Fundi akachomoa plagi ya feni, akaunga mota moja kwa moja kwenye betri, ikavuma vizuri. Akarudi kwenye plagi, akatia multimita (kipimo cha umeme) huku relei imewashwa: volti 12.4. Akakuna kichwa. Mota nzima, umeme upo, feni haizunguki. Akasema labda mota "inachoka ikiwa ndani", tuweke mpya.

Nikamwomba multimita. Nikarudisha plagi mahali pake, feni ikiwa imeagizwa kuwaka, nikachoma sindano za kipimo kwa nyuma ya plagi bila kuichomoa. Volti 4.0. Panga zilikuwa zinajisogeza kama zimelazimishwa. Volti nane na ushee zimepotea njiani, na zilikuwa hazionekani plagi ikiwa imechomolewa.

Hapo ndipo penye siri ya uzi huu wote. Multimita yenyewe haivuti umeme wa maana. Waya uliooza mpaka umebaki na nyuzi mbili utakuonyesha volti 12 kamili ukiupima hewani, kwa sababu hakuna kinachopita. Upe mzigo, yaani kitu kinachovuta umeme kweli kama mota, hapo ndipo unaumbuka.

Nikapima upande upande. Sindano moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye chanya ya mota, feni imewashwa: 0.3. Hapo hapana tatizo. Sindano moja kwenye hasi ya mota, nyingine kwenye hasi ya betri: 8.1. Jumlisha: 0.3 na 8.1 na 4.0, unapata 12.4 yako yote. Haikupotea hata nukta, ilikuwa inaliwa kwenye ethi.

Nikafuata waya mweusi mpaka kwenye bolti nyuma ya taa ya mbele. Niliposhika ile bolti nikaondoa kidole haraka, ilikuwa ya moto. Miezi kadhaa kabla, gari liligongwa kidogo mbele, likanyooshwa na kupigwa rangi, na aliyerudisha ule waya aliufunga juu ya rangi mpya. Ulikuwa unashika kwa meno ya bolti peke yake. Kutu ilipoingia kwenye meno, basi. Nikakwangua mpaka bati likang'aa, nikafunga, nikapaka grisi juu. Nikapima tena: 0.1. Feni ilivuma mpaka jirani akageuka.

Kwa kawaida, kila upande ukipoteza zaidi ya nusu volti feni ikiwa inazunguka, kuna kitu cha kutafuta. Mimi nikiona 0.2 naridhika.

Huna multimita? Chukua balbu ya breki ya wati 21, iunge waya mbili. Inavuta karibu ampea 1.75, inatosha kuumbua maungio mengi mabovu. Balbu ya taa kubwa ya wati 55 ni kali zaidi, inavuta kama ampea 4.6. Ichomeke kwenye plagi ya feni badala ya mota. Ikiwaka kama mshumaa, umepata jibu bila kusoma namba yoyote.

Karibuni. Mwenye kesi aje na vipimo, siyo "nimebadilisha hiki na hiki".

Bisibisi Butu

Mkuu bonge la uzi. Langu liko hivi: nikiwasha AC feni inazunguka fresh. Nikizima AC, haiwaki mpaka mshale uguse nyekundu. Nimeshabadilisha relei.

MchoraWaya

Pole mkuu. AC imeshakufanyia kazi nusu. Kama feni inayowaka na AC ndiyo hiyo hiyo ya injini, mota na waya wake vimejieleza kuwa vizima. Nasema kama, kwa sababu magari mengine yana feni mbili, moja ya rejeta na moja ya kondensa (rejeta ya AC), kila moja na relei yake. Angalia kwa macho ni ipi inayozunguka.

Ikiwa ni ile ile, sogea upande wa amri. Una skana, kile kifaa cha kusoma kompyuta ya gari?

Bisibisi Butu

Ninayo ile ndogo ya bluetooth.

MchoraWaya

Inatosha. Asubuhi gari likiwa limelala usiku kucha, washa swichi bila kuwasha injini, usome joto la maji na joto la hewa inayoingia. Viwili hivyo vinapaswa kukaribiana, maana gari zima limepoa sawa. Maji yakisoma nyuzi kumi au kumi na tano tofauti na hewa, sensa inadanganya. Kisha washa injini uangalie joto linavyopanda. Magari mengi huita feni mahali fulani kati ya nyuzi 95 na 105. Skana ikisoma 85 huku bomba la juu la rejeta halishikiki na maji yanatokota, umempata mwongo.

Usiutegemee mshale wa dashibodi. Kwenye magari mengi umepangwa kukaa katikati hata joto likipanda na kushuka nyuzi nyingi, ukija kuinuka ujue mambo yameshaharibika.

Sensa nyingi za maji upinzani wake hushuka joto likipanda. Ya kawaida itakupa kama omu elfu mbili hadi tatu kwenye nyuzi 20, na mia mbili mia tatu hivi maji yakikaribia 90. Ichovye kwenye sufuria ya maji ya moto ukiwa na kipimajoto, utaona namba zinateremka taratibu. Ikiruka ruka, itupe.

Kopo la Grisi

Mnajichosha bure. Mimi gari langu la pili hili naunga feni dairekti, swichi naiweka chini ya usukani, nawasha mwenyewe. Sijawahi kuchemsha.

MchoraWaya

Hujawahi *bado*. Mkuu, swichi ndogo ya dashibodi haikutengenezwa kubeba ampea 15. Inapata moto polepole, plastiki inalegea, na siku moja unanusa harufu ukiwa unaendesha. Wengi wanaounga hivyo huvuta waya mwembamba kutoka betri hadi ndani bila fyuzi, unapita kwenye tundu la bati lenye makali. Ukichunika, hakuna kitu cha kuukata umeme isipokuwa moto wenyewe. Halafu kuna siku utamwachia mtu mwingine gari, wala hajui kama kuna swichi.

Kama umekwama njiani na unataka kufika nyumbani, sawa: unga na fyuzi karibu kabisa na betri, na fungua hita ya ndani hadi mwisho, inatoa joto kwenye injini kwa kweli japo utatoka jasho. Ukifika, itoe.

Kopo la Grisi

Fyuzi ninayo. Swichi ni ya ampea 30. Usidhani wote ni wa kubandika waya kwa mate.

MchoraWaya

Basi nakuondoa kwenye kundi hilo, samahani. Bado ningeweka relei katikati, swichi ivute relei tu.

Nati Kumi na Tatu

Mleta uzi, mimi yangu inanitoa roho. Feni inazunguka asubuhi vizuri kabisa. Baada ya dakika kumi, kumi na tano za foleni, inapungua nguvu halafu inasimama. Nikigonga boksi la fyuzi inarudi. Nimebadilisha mota MARA MBILI. Ya kwanza fundi alisema kaboni (vile vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota) zimeisha, ya pili akasema ile mpya ilikuwa feki.

MchoraWaya

Umesema mwenyewe jibu na hujalisikia: "nikigonga boksi la fyuzi." Ukigonga *mota* ikazunguka, hapo tungesema kaboni zimekwisha, maana mtikisiko unazisukuma ziguse. Wewe unagonga boksi. Mota iko mbali na ngumi yako.

Nenda ukapime kama nilivyoandika juu, chanya ya betri hadi chanya ya mota, feni ikiwa imeshaanza kupungua nguvu. Usipime ikiwa baridi na nzima, haitakuambia kitu.

Dereva wa Zamu

Naomba kumsahihisha mleta uzi kidogo, bila ugomvi. Umeandika kana kwamba kila gari relei ikichomolewa feni inasimama na sensa inaenda kompyuta. Magari ya zamani hayako hivyo. Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zina swichi ya joto, siyo sensa, na iko kinyume. Injini ikiwa baridi swichi imefunga (inapitisha umeme), relei imevutwa, na ikiwa imevutwa ndiyo *inazuia* feni. Maji yakipata moto swichi inafunguka, relei inaachia, feni inawaka.

Kwa hiyo kwenye hayo magari ukichomoa plagi ya swichi ya joto, swichi ya gari ikiwa imewashwa, feni inapaswa kuwaka papo hapo. Ndiyo maana plagi ikilegea feni haizimi. Wabunifu walifikiria vizuri: waya ukikatika, afadhali feni ikimbie kuliko injini iungue.

Na kuna mtego mbaya zaidi. Watu wanatoa relei hiyo na kuweka yoyote ya miguu minne iliyoingia kwenye tundu. Matokeo yake feni inavuma injini ikiwa baridi, na inazima ikipata moto. Nimeliona hilo kwa macho yangu, mwenye gari alikuwa ameshabadilisha gasketi ya hedi.

MchoraWaya

Shikamoo mzee wa kazi. Nakubali kosa, nilikuwa na picha ya magari ya kompyuta kichwani. Wenye magari ya umri huo wafuate maelezo ya mkuu hapo juu. Na kwa magari mengine ya zamani yenye swichi ya kawaida iliyochomekwa ubavuni mwa rejeta, mambo yanageuka tena: ikiwa baridi iko wazi, ikipata moto inafunga. Hizo ukichomoa plagi haitokei kitu. Unaunganisha zile waya mbili za plagi kwa kipande cha waya, feni iwake. Ikiwaka, swichi imekufa.

Ila sensa ya kompyuta msiiunganishe hivyo, mtaipa kompyuta habari kwamba injini inaungua. Ichomoeni tu. Skana itasoma nyuzi -40, na magari mengi yatawasha feni kwa tahadhari. Isipowaka si ushahidi dhidi ya kitu chochote, mengine hayana mpango huo.

Spana Mkononi

Swali. Langu feni inawaka kwa nguvu sana tu, ile kasi ndogo haipo. Joto linapanda kupita kawaida, halafu ghafla inavuma kama ndege inapaa, linashuka. Ni sawa?

MchoraWaya

Siyo sawa, ila una bahati, hilo ni jepesi. Kama una feni moja ya kasi mbili, kasi ndogo mara nyingi inapita kwenye rezista (kifaa cha kupunguza umeme), na kasi kubwa inairuka. Rezista inakaa kwenye fremu ya feni ili ipozwe na upepo, inakula maji na matope, inakatika. Kasi ndogo inakufa, kubwa inabaki. Ipime omu: nzima inasoma chini ya omu moja au karibu hapo, iliyokatika haisomi kitu.

Ukiwa na feni mbili, angalia kitu kingine kabla ya kununua rezista. Magari mengine kasi ndogo wanaipata kwa kuunga feni zote mbili mfululizo, kila moja inapata nusu ya volti. Mota moja ikikatika ndani, zote mbili zinanyamaza kwenye kasi ndogo. Kasi kubwa inapoitwa, kila moja inapata volti zake kamili, na ile nzima inavuma peke yake. Kwa hiyo ikivuma, chungulia: zinazunguka zote mbili au moja?

Spana Mkononi

Moja!! Ya kulia imekufa kabisa. Miaka miwili nilidhani ni ya AC tu.

Kopo la Grisi

Na mimi niulize basi, maana mmeninyamazisha. Gari la shemeji linakata fyuzi ya feni. Anaweka mpya, inakaa siku, inakata. Amenunua ya 50 badala ya 40.

MchoraWaya

Mwambie arudishe 40 leo hii. Fyuzi inaulinda waya, na waya wake ulipimwa kwa 40. Akiweka 50, anayekuwa fyuzi ni waya.

Inakata lini? Kama ni papo hapo feni inapoitwa, kuna waya unagusa bodi au mota imegusana ndani. Kama inakaa dakika kadhaa au siku nzima ndipo inakata, mara nyingi ni mota nzito: bushi zimekauka, shafti inazunguka kwa shida, inavuta ampea nyingi kuliko inavyostahili. Azime, achomoe plagi, azungushe panga kwa mkono. Zinatakiwa ziende laini na kuendelea kidogo baada ya kuachia. Zikikwama kama zimetiwa mchanga, ndiyo hiyo. Mwenye kipimo cha kubana waya kinachosoma umeme wa betri apime ampea na kulinganisha na ya mota nzima ya aina hiyo.

Ikiwa inakata papo hapo, aache kuchoma fyuzi. Achomeke ile balbu ya wati 21 kwenye tundu la fyuzi badala ya fyuzi yenyewe. Relei ikiwa imechomolewa na balbu inawaka kali, umeme unavuja kati ya fyuzi na relei. Isipowaka, arudishe relei, aiwashe, plagi ya mota ikiwa *imechomolewa*. Ikiwaka sasa, waya kati ya relei na plagi umegusa bodi. Ikibaki giza, kosa ni la mota. Msipime hivyo mota ikiwa imechomekwa, kwa sababu hata mota nzima itaiwasha balbu, upinzani wake ni mdogo mno, mtailaumu bure.

Kopo la Grisi

Hii ya balbu nimeipenda. Kesho nampelekea.

Mgeni wa Mada

Samahani wakuu, gari langu ni la miaka ya karibuni, sioni relei ya feni popote. Kwenye feni kuna plagi yenye waya mbili nene na mbili nyembamba. Niunge betri kwenye zipi kuijaribu?

MchoraWaya

USIUNGE. Hiyo ina moduli yake ya kuendesha kasi. Waya nene ndiyo chanya na hasi, mojawapo ya nyembamba ni ya ishara ya kompyuta, inayopiga kuwaka na kuzima haraka haraka kuiambia kasi gani. Ukiipa hiyo nyembamba volti 12 unaweza kuua moduli, au kompyuta ukikosea zaidi.

Kwako pima volti kwenye zile nene, na mzigo wa balbu kubwa, chanya na hasi zote. Zikiwa nzima, tumia skana yenye uwezo wa kuamuru feni iwake. Soma na misimbo ya makosa iliyohifadhiwa na kompyuta: P0480 inahusu mzunguko wa kuendesha feni ya kwanza, P0481 ya pili. P0118 maana yake kompyuta inaona volti ya juu kwenye sensa ya maji, kwa kawaida waya umekatika au plagi imechomoka. P0117 ni kinyume, imegusana. Msimbo unakuonyesha mtaa, nyumba utaitafuta mwenyewe. Nimeona watu wamebadilisha feni nzima kwa P0480 kumbe panya alikula waya mmoja.

Bisibisi Butu

Mrejesho: asubuhi hewa 24, maji 9. Nimebadilisha sensa, zote zinasoma 24 na 25. Feni imewaka kwenye 97, imezima 91. Sijui kwa nini sikupima kwanza.

Nati Kumi na Tatu

Nimerudi. Nimekaa kwenye gari linanguruma dakika ishirini nikisubiri feni ichoke. Ilipoanza kuchoka nikapima chanya ya betri hadi chanya ya mota: 3.9. Upande wa hasi 0.1 tu.

MchoraWaya

Umeshika mkia. Sasa igawe vipande, feni ikiwa bado imechoka, usizime: betri hadi kuingia kwenye fyuzi, kuingia fyuzi hadi kutoka, mguu wa 30 hadi wa 87 kwenye relei yenyewe, mguu wa 87 hadi waya unaotoka chini ya soketi, kisha waya huo hadi mota. Leta namba tano.

Nati Kumi na Tatu

Betri hadi fyuzi 0.1. Fyuzi 0.1. Ndani ya relei 0.2. Mguu wa 87 hadi waya wa chini ya soketi 3.4. Waya hadi mota 0.1.

Nimefungua boksi. Plastiki pembeni ya tundu la 87 imekuwa rangi ya kahawia, na lile bati linaloshika mguu limelegea, relei inaingia na kutoka kama kisu kwenye siagi.

MchoraWaya

Hilo hapo. Ikiwa baridi linashika, likipata moto linatanuka na kuachia, ukigonga linashika tena. Usilibane na koleo ukaona umemaliza. Bati lililopikwa hivyo limepoteza chemchemi yake, litalegea tena. Kata, weka kishikio kipya cha saizi ile ile pamoja na kipande cha waya wa unene ule ule, ukibane kwa koleo lake halisi. Mguu wa relei nao ukague, kama umebadilika rangi weka relei mpya.

Na kabla hujafunga, pima ampea za mota. Soketi haiungui bila sababu. Ama ilikuwa imelegea tangu mwanzo, ama mota ya zamani ilikuwa inavuta kupita kiasi ikaipika.

Nati Kumi na Tatu

Nimefanya. Mguu mpya, relei mpya. Foleni nzima ya leo haijasita, na jumla ya chanya sasa ni 0.4. Ampea 13, imetulia.

Ile mota ya kwanza kabisa, iliyoambiwa kaboni zimeisha, ilikuwa bado stoo. Nimeitoa sasa hivi nikaiunga kwenye betri. Ampea 13.